Laptopu Iliyoenea Begini

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijafanya kosa la pili juu ya la kwanza, ingawa la kwanza lenyewe bado sijakubali kwamba ni langu, na ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na mapazia, nina chumba cha kazi chenye vyerehani vinne na wasichana watatu ninaowalipa kila Jumamosi bila kuwazungusha, na vyote hivyo nilivianza na cherehani kimoja cha kukodi kilichokuwa kinaruka nyuzi, kwa hiyo mtu asije akaniambia sijui thamani ya kitu. Kila kitu kikubwa nakihesabu kwa sare, yaani kile kinachobaki mkononi nikishona sare moja ya shule baada ya kutoa kitambaa, uzi, vifungo na ujira wa msichana. Friji yangu ilikuwa sare themanini. Kitanda cha binti yangu sare arobaini na moja, na godoro juu yake. Nikisema bei kwa sare najua ni siku ngapi za mgongo wangu, na hakuna muuzaji anayeweza kunichanganya kwa maneno matamu.

Sasa binti yangu amepata nafasi chuoni, anakwenda kusoma uchoraji wa ramani za majengo, na chuo kimewaambia wanafunzi wapya kila mmoja aje na laptopu yenye ramu ya GB 16, diski ya kisasa isiyozunguka, na kadi ya picha inayojitegemea. Mimi sikuelewa hata moja, binti akanitafsiria kwa lugha ya chumba chetu cha kazi. Alisema, "Mama, ramu ni meza ya kukatia, ikiwa ndogo kitambaa kinaning'inia chini. Diski ni kabati. Kadi ya picha ni msichana wa ziada ambaye kazi yake ni kudarizi tu, ili fundi mkuu asiache kushona akaanza kudarizi." Nikaelewa papo hapo, na nikajisemea huyu mtoto atakuwa mwalimu mzuri kama majengo yatamshinda.

Na kuna suala la gemu. Tuelewane, mshauri, mimi sina ugomvi na gemu. Wenzangu walikuwa wanahangaika kutafuta watoto wao wa rika la binti yangu mitaani, mimi wangu nilikuwa najua alipo, yuko nyuma ya rundo la makaptula anacheza mpira kwenye kompyuta ya kuazima, anawafunga wavulana wa mtaa mzima mpaka wakampa jina la Kapteni, na matokeo ya mtihani aliyaleta kama ulivyosikia. Kwa hiyo tulikubaliana: bajeti ni sare mia mbili, mashine ni moja, ifanye kazi ya chuo kwanza, na ikibaki na pumzi icheze gemu. Akaniambia bahati nzuri gemu nalo linamtaka huyo huyo msichana wa darizi. Nikasema safi, ujira mmoja kazi mbili.

Mume wa mdogo wangu, shemeji yangu, ana duka la kompyuta zilizotumika, anazinunua, anazifungua, anazisafisha, anaziuza. Alinipigia simu akasema amepata moja yenye kila kitu ambacho chuo kinataka, kioo chake inchi kumi na tano nukta sita, bei ya ndugu sare mia na tisini, na dhamana ya miezi mitatu. Nikamwambia iweke pembeni, nakuja Jumamosi. Katika ile wiki, mimi kwa furaha yangu nikamshonea binti begi la laptopu, kitambaa kigumu cha bluu, sponji ndani, zipu mbili, mkanda mpana usiokata bega, nikakata kwa inchi kumi na tano nukta sita na kuongeza nusu inchi kila upande ya kupumulia. Lilitoka zuri mpaka wasichana wangu wakagombea kulibeba.

Jumamosi tukaenda, mimi, binti na begi. Shemeji alikuwa ameipangusa ile mashine mpaka inang'aa. Nikaitia begini kuijaribu. Mshauri, ilizama! Ililala upande mmoja kama mtoto mchanga kwenye kitanda cha wazazi. Nikashangaa, mimi sijawahi kukosea begi. Tepu ya kupimia haitoki shingoni mwangu hata harusini, nikaivua, nikafungua laptopu, nikapima kioo kutoka ukingo huu hadi ule. Kumi na tatu na ushei. Nikarudia. Kumi na tatu na ushei. Nikapima mashine nzima pamoja na fremu yake, haikufika hata kumi na tano.

"Shemeji," nikamwambia, "hii uliniambia ni ngapi?"

"Kumi na tano nukta sita, shemeji."

"Tepu inasema kumi na tatu."

"Aah, kioo hakipimwi hivyo shemeji, ngoja nikuo—"

"Hakipimwi hivyo kinapimwaje? Kwa mizani?"

Watu wakacheka, maana duka lilikuwa na wateja, na mzee mmoja aliyeleta printa yake kutengenezwa akanipa moto: "Mpime mama, mpime vizuri, hawa wametuzoea!" Na mimi ukinipa moto nawaka. Nikamwambia shemeji kwamba miaka ishirini na miwili napima watu wa kila umbo, sijampunguzia mteja hata robo inchi, na kama ningempunguzia mtu inchi mbili kiunoni angetoka dukani kwangu amejifunga shuka. Akajaribu kusema tena, nikamkata. Nikasema, "Sisi tulikupa mdogo wangu mzima, hatukumpunguza hata inchi moja, leo wewe unatupunguzia sisi mbili?" Duka zima likaangua kicheko. Binti akanivuta mkono, "Mama, basi." Nikamwambia, "Basi ya nini, si wewe unayeibiwa?" Akatoka nje, akasimama ameipa barabara mgongo, anasoma tangazo la rangi za nyumba kana kwamba ana nyumba ya kupaka.

Shemeji hakunijibu ubaya. Aliufunga ule mfuniko taratibu kwa mikono miwili, akasema, "Sawa, shemeji. Mashine ipo hapa. Ukiitaka utaikuta." Mimi nikaona ni mtu aliyekamatwa.

Nilipotoka binti alishaondoka. Ng'ambo ya barabara kuna duka la vioo vitupu, taa nyeupe, kijana wa tai nyembamba mlangoni. Nadhani zile kelele alizisikia, kwa sababu nilipoingia na tepu mkononi hakuniuliza nataka nini, aliniambia, "Karibu mama, sisi hapa hatuuzi maneno. Chagua, kisha pima mwenyewe." Nikapima moja, ndogo. Nikapima ya pili, kioo kikasoma kumi na tano na kidogo. Nikamuuliza, "Hii ndiyo kumi na tano?" Akasema, "Si umeipima mwenyewe, mama?" Nikaitia begini, ikaenea kana kwamba nililishona kwa ajili yake. Vitufe vyake vinawaka taa nyekundu, akasema hiyo ndiyo ya gemu. Nikamuuliza ramu, akasema GB 4, inaongezwa. Diski? Kubwa sana. Kadi ya picha ipo? "Ipo ndani, mama, umewahi kuona laptopu isiyo na picha?" Bei ilikuwa sare mia na sitini na tano. Nikalipa, na moyoni nikawa naimba, maana nimeokoa sare ishirini na tano na inchi zangu zimetimia.

Nyumbani binti aliinyanyua akasema, "Nzito." Niliiweka kwenye mizani ninayopimia sponji: kilo tatu na robo bila chaja. Akaiwasha. Nilimaliza kutia vifungo shati zima bado haijamaliza kuwaka. Akafungua programu ya kuchorea nyumba waliyotumiwa na chuo, nyumba ikawa inatokea vipande vipande, paa leo, ukuta kesho. Akaweka gemu lake la mpira, wachezaji wakawa wanakimbia kama wamo kwenye matope hadi magotini, kisha picha ikaganda mpira ukiwa hewani. Nilikuwa nimejiandaa kwa makelele. Hakupiga. Alifunga mfuniko, akasema, "Asante, mama. Nitaitumia." Tangu siku hiyo hachezi, halaumu, anasema atakuwa anachorea kwenye kompyuta za chuo akipata zamu, na hiyo itabaki nyumbani niangalie tamthilia zangu. Mshauri, ningependa anigombeze. Huo upole wake unanikaa kooni kama pini.

Nikarudi kwa kijana wa tai. Anasema hakuna tatizo, niongeze sare thelathini anibadilishie diski na kuweka ramu ya GB 16, itakuwa kama chuo wanavyotaka. Hapo jumla ni mia na tisini na tano, nimo ndani ya bajeti, zinabaki tano. Na risiti yao inasema naweza kurudisha ndani ya siku thelathini ikiwa haina mkwaruzo, ila nikiwa nimebadili mawazo tu wanakata sehemu moja ya kumi. Siku tisa zimeshakwenda. Nikirudisha wanakata sare kumi na sita na nusu, nabaki na mia na arobaini na nane na nusu, nikijumlisha thelathini na tano nilizobakiza ni mia na themanini na tatu na nusu, na ile ya shemeji ni mia na tisini. Nimepungukiwa sare sita na nusu, na juu ya hapo nirudi kwa mtu niliyemwita mwizi, ambaye mimi bado naona aliniibia, kwa sababu tepu haina ndugu. Na mdogo wangu amenipigia simu, hakusalimia, alisema, "Dada, mume wangu amefunga duka mapema siku mbili mfululizo kwa ajili ya maneno yako," akakata.

Chuo kinafunguliwa mwisho wa mwezi. Niongeze hizo thelathini nimalize aibu, au nirudishe? Na kama shemeji hakuniibia, zile inchi mbili zangu ziko wapi?

Wako,
Fundi Niliyepimiwa Vibaya

*

Mshauri anajibu:

Fundi, endelea kusoma ukiwa na tepu yako mkononi. Najua iko shingoni. Ivue.

Nenda kwenye hiyo mashine ya taa nyekundu, ifungue, na safari hii usipime kutoka ukingo wa kushoto kwenda wa kulia. Bana ncha ya tepu kwenye kona ya chini kushoto ya kioo, ivute mshazari mpaka kona ya juu kulia. Soma. Kama fundi anayehudumia kompyuta za ofisi yetu hajaniongopea, na mimi hajawahi kuniongopea, umepata kumi na saba na ushei.

Vioo vyote, mama, vya televisheni, vya simu na vya laptopu, hutajwa kwa kipimo cha kona hadi kona. Ndivyo viwanda vinavyopima na ndivyo wauzaji wanavyotaja. Ile ya shemeji yako, ambayo kwa upana ilisoma kumi na tatu na ushei, ungeivuta mshazari ingesoma kumi na tano nukta sita, hakuna nyongeza hakuna pungufu. Na wewe, katika watu wote, ambaye kila wiki unakata kitambaa mshazari ili kola ikae shingoni, ndiwe uliyesahau kwamba kitambaa kina urefu zaidi ya mmoja! Shemeji yako alijaribu kukueleza mara mbili. Mara mbili ukamkata. Angepata nusu dakika ya kumaliza sentensi yake, leo usingekuwa unaniandikia.

Nilimsomea fundi wetu barua yako kwenye simu. Alicheka mpaka pale kwenye "tulikupa mdogo wangu mzima", kisha akasema, "Kumbe huyo ndugu alimwambia ataikuta?" Na mimi nakuuliza hivyo hivyo. Mtu umemwita mwizi mbele ya wateja wake, na jibu lake likawa kwamba mzigo wako utaukuta. Wewe ukaona amekamatwa. Mtu aliyekamatwa hujieleza sana, fundi. Yule wa ng'ambo ndiye aliyestahili tepu yako. Rudia kusoma ulichoandika mwenyewe: ulipomuuliza kama ni kumi na tano, hakusema ndiyo. Alisema umepima mwenyewe. Ulipomuuliza kadi ya picha, akakuuliza kama umewahi kuona laptopu isiyo na picha. Mteja akikuuliza kama kitambaa kinachuja rangi, nawe ukamjibu, "Umewahi kuona kitambaa kisicho na rangi?", utakuwa umemjibu nini?

Sitakusukuma chini zaidi ya hapo. Umemsomesha mtoto kwa mgongo wako, na hukumnyima mchezo wake kama wanavyofanya wazazi wengi wanaoniandikia hapa, wanaodhani gemu na chuo ni maadui. Katika mashine ni ndugu, kama binti yako alivyokwambia: kinachochora nyumba ndicho kinachochora uwanja wa mpira. Pale ulipoweka bajeti na mpangilio, chuo kwanza gemu baadaye, ulikuwa sahihi kabisa. Ulipotea pale tu ulipoacha kununua laptopu kwa ajili ya binti, ukanunua laptopu kwa ajili ya begi.

Sasa tuje kwenye zile sare thelathini. Usitoe. Hata moja. Nisikilize kwa ile lugha ya chumba chako cha kazi. Ukiongeza ramu utakuwa umepanua meza. Ukibadilisha diski utakuwa umenunua kabati zuri, na ndiyo, mashine itawaka haraka, hutamaliza hata kifungo kimoja. Lakini msichana wa darizi bado hayupo. Na katika laptopu ya namna hiyo, fundi wetu anasema, hawezi kuajiriwa baadaye, kwa sababu hakuna pa kumkalisha. Kadi ya picha inayojitegemea hufungwa humo kiwandani au haifungwi kabisa. Utakuwa umetoa sare mia na tisini na tano kwa kitu ambacho bado kitachora paa leo na ukuta kesho, kina kilo tatu na robo, na binti yako atakibeba kila asubuhi akijua ulikilipa mara mbili kwa kuogopa aibu mara moja. Hiyo si akiba. Wewe mwenyewe usingemruhusu msichana wako apige hesabu ya namna hiyo.

Irudishe, na uirudishe wiki hii. Iweke kwenye boksi lake na chaja yake, usiiache mezani kukusanya mikwaruzo. Nenda asubuhi, duka likiwa tulivu, nenda na binti. Ile sehemu moja ya kumi wanaikata kwa mtu aliyebadili mawazo, umeniandikia hivyo mwenyewe. Wewe hukubadili mawazo. Uliomba kioo cha kumi na tano na kadi ya picha ya kuchorea, ukapewa kumi na saba bila kadi. Mwombe kijana wa tai akufungulie mashine, uvute tepu kona hadi kona mbele yake, kisha umuulize swali moja tu: "Hii ni kumi na tano?" Safari hii asikujibu kwa swali. Akianza kuzunguka, muulize mwenye duka ni nani, na uanze kwa sauti ya chini. Ile sauti uliyoimwaga kwenye duka lisilostahili ibakize kiasi, unaweza kuihitaji hapa. Wakikurudishia zote, una sare zako mia mbili kamili na hakuna pengo. Wakishikilia kukata, chukua kilichobaki uondoke. Pengo ni sare sita na nusu, na mtu mwenye vyerehani vinne haumwi kichwa kwa sare sita na nusu.

Kisha vuka barabara.

Najua hapa ndipo miguu itakapokuwa mizito. Ulimtukana shemeji yako mbele ya wateja, kwa hiyo usimngojee nyumbani kwa mdogo wako umwombe radhi jikoni kimyakimya. Mwombe pale pale, kaunta ile ile, na mzee wa printa akiwepo itakuwa vizuri zaidi. Usimpe hotuba. Mwambie: "Shemeji, nilipima vibaya, ulisema kweli, nisamehe." Maneno sita. Kisha nyamaza umwache amalize ile sentensi uliyoikata, hata kama sasa unaijua. Na bei ya ndugu usiiguse. Asipoitaja yeye, lipa atakachosema.

Kabla hujalipa, mwache binti akae na mashine. Si wewe. Wewe kaa kwenye kiti ushike begi. Aifungue ile programu ya chuo na kuizungusha nyumba nzima, acheze gemu lake nusu saa, aguse chini ya mashine asikie joto, asikilize kama feni inalia kama cherehani kisicho na mafuta. Abonyeze kila kitufe. Aitoe kwenye umeme aone betri inashuka kwa kasi gani, maana mashine iliyotumika mara nyingi huchokea hapo, na betri shemeji anaweza kuibadilisha kabla hamjaondoka. Na aelewe mapema, kwa bei hiyo mpira atacheza vizuri, magari atakimbiza vizuri, lakini magemu mapya makubwa yanayotoka kila mwaka atayacheza kwa picha ya wastani au hatayacheza. Anakwenda kuchora majengo, hatakufa.

Huyo binti, kwa njia, hakununa. Aliona furaha yako ilivyokuwa ulipoingia na ile mashine, akaamua kukaa foleni ya kompyuta za chuo miaka yote ya masomo kuliko kukuambia umenunua vibaya. Ndiyo maana alisema asante. Kwa hiyo ukiketi naye usimuulize kwa nini hakukugombeza. Mwambie tu kesho mnairudisha, na utaona kama Kapteni hatarudi uwanjani.

Umeniuliza inchi zako mbili ziko wapi. Zipo, fundi, wala hakuziiba mtu. Ziko kwenye begi. Ulilikata kwa kipimo cha mshazari ukalishona kwa upana, ndiyo maana mashine halali ilizama na mashine batili ikaenea. Nenda chumbani kwako, ligeuze ndani nje, fumua mishono ya pembeni, punguza inchi moja upande huu na inchi moja upande ule, ushone tena. Ni kazi ya kabla ya chai.

Kisha nenda nalo dukani kwa shemeji yako, umpe yeye aitie laptopu begini kwa mikono yake.